Miti Iliyokataa Kunyooka

Mtaa mzima uliamini kwamba jirani yetu alikuwa akijiandalia makaburi. Kwa nini tena mtu mwenye akili zake apande saipresi mbele, nyuma na ubavuni mwa nyumba, asiache hata nafasi ya sukuma wiki? Saipresi tulizijua. Zilisimama mstari mmoja makaburini, na nyingine kwenye njia ya kuingia misheni, na kila tulipopita chini yake tulikuwa tunamsindikiza mtu. Hakuna aliyezileta nyumbani kwa hiari yake.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mjini Nakuru, upande wa chini wa Milimani, pale nyumba za wakubwa zinapoanza kupungua ukubwa. Mume wangu alikuwa gadi wa treni. Alikuwa amepandishwa cheo, tukapewa nyumba ya reli yenye paa jekundu, tangi la maji na uwanja mpana kuliko shamba la babangu kule Kakamega. Jirani wa kulia alikuwa mzee Kalasinga aliyefiwa na mke, mrefu, kilemba cheupe, mtu aliyetumia maisha yake ya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao huko juu Dundori. Kati yetu na yeye palikuwa na ua wa miiba uliokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeolewa mwaka wa tano, sina mtoto na sina subira. Watoto nilikuja kuwapata baadaye, nalisema hapa ili msikae mkilisubiri, lakini wakati huo sikuwa najua, wala mume wangu hakujua, na wake za wafanyakazi wa reli walikuwa wameanza kuniuliza habari zangu kwa sauti ya chini, namna mtu anavyomwuliza mgonjwa. Kila mtu aliniita "mama" kwa sababu ndivyo mke wa mtu anavyoitwa. Kila nilipoitwa, niliitika huku nikiuma meno.

Sasa, juu ya ule ua wa miiba palikuwa na ncha ya mti wa manjano. Si jani moja la manjano, mti mzima! Nilikuwa nikianika nguo nauona, nikipepeta mchele nauona. Nikavumilia wiki chache, halafu asubuhi moja nilipomsikia mzee akikohoa upande wa pili, uzalendo ukanishinda.

"Mzee! Ule mti wa njano uko na ugonjwa gani?"

Halafu kilemba kikatokea juu ya ua, na chini yake macho mawili yaliyochukizwa.

"Gonjwa? Nani nasema gonjwa? Kuja, mama. Kuja ona na macho yako. Zunguka kwa geti."

Nilizunguka nikiwa bado nimefunga leso kiunoni. Lango lake lilikuwa la mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome ambazo kiwanda huuza kwa wajenga vibanda. Nilipoingia, kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu. Palinuka penseli iliyochongwa sasa hivi. Hapakuwa na nyasi, hapakuwa na maua. Ardhi yote ilikuwa imefunikwa unga wa mbao wenye rangi ya kutu, laini hata viatu vyangu havikutoa sauti. Na katikati ya unga ule, kila upande, ilisimama miti ambayo sikuwa nimewahi kuiona, wala sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba Mungu aliiumba.

Ule wa manjano ulikuwa saipresi kama saipresi nyingine, isipokuwa rangi. Kwa karibu ulikuwa wa manjano ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito, na ukiingiza mkono ndani ya matawi unakuta kijani kimejificha. Niliingiza mkono mpaka kiwiko. Mzee akanitazama, na nadhani hapo ndipo aliponisamehe habari ya ugonjwa.

"Hii nilitoa kwa nasari ya msitu," akasema. "Wamama nachagua miche. Hii nzuri, weka hapa. Hii njano, tupa. Mimi naangalia, nasema, ngoja! Kwa nini tupa? Nikaweka kwa mfuko ya koti, nikaleta nyumbani."

Akanipeleka kwa mwingine. Huo ulikuwa umefika kimo cha mtu kisha ukakata tamaa. Matawi yote yalikuwa yameelekea chini, yakaburura unga wa mbao kama gauni refu. Mzee aliyafungua kwa mikono miwili, namna unavyofungua pazia, akaniambia nipite. Ndani palikuwa na chumba! Chumba cha duara, chenye giza la kijani, na kigogo cha kukalia. Nilikaa. Nikainuka, nikatoka, nikaingia tena. Nilikuwa mke wa gadi wa treni, mtu mzima, nikicheza kwenye majani ya Kalasinga asubuhi ya siku ya kazi, na sikujali.

"Hii mjinga kabisa," mzee akasema kwa fahari. "Mimi nasema, wewe mti, enda juu! Yeye nakwenda chini."

Tulikwenda mti hadi mti, na kiherehere changu kilipanda kila hatua. Palikuwa na mmoja wa bluu, bluu ya moshi wa jikoni asubuhi ya baridi, ambao ukisugua kijani chake kinajitokeza na kidole chako kinabaki na unga. Palikuwa na mtarakwa, ule ule mtarakwa wa nguzo tunaoujua, lakini huu haukusimama hata siku moja. Ulilala juu ya mawe, ukatambaa, ukateremka upande wa pili na kuanza kuelekea jikoni. Palikuwa na msonobari uliojisokota kama nguo inayokamuliwa. Mzee alisema hakuukunja yeye. Nilimwambia kwetu husema samaki mkunje angali mbichi. Akacheka, akasema huyu samaki alizaliwa amejikunja, kazi yake yeye ni kumwacha tu.

Nilimwuliza kwa nini. Swali lenyewe lilinitoka bila adabu. Kwa nini mtu aliyepasua mbao maisha yake yote akusanye miti isiyotoa hata fito?

Alisimama akashika kiuno. "Mama, kazi yangu yote nasema maneno mbili. Hii nyoofu, leta. Hii kombo, choma. Kila siku. Leta, choma, leta, choma. Sasa mimi iko mzee, hapana taka nyoofu tena. Nyoofu nimeona. Yote iko sawasawa."

Nilifurahi kwa maneno yale hadi nikaona haya. Sijui kama nilikuwa nikifikiria miti.

Alikuwa amebakisha kilicho bora mwisho, kama mwenye sherehe anayejua kazi yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na kitanda cha mchanga, na juu yake vitu ambavyo mwanzo nilidhani ni mipira ya watoto iliyoota ukungu. "Kaa chini," mzee akaniamuru, na kwa kuwa cha mvunguni huinamiwa, nilipiga magoti. Ilikuwa miti! Saipresi nzima yenye shina, matawi na majani, na yote haikufika gotini kwangu. Mikubwa kuliko ngumi, midogo kuliko sufuria. Mmoja, mzee alisema, ulikuwa na umri wa kijana wake wa mwisho, naye kijana alikuwa tayari ana ndevu.

Akanieleza huku akitumia mikono. Huko msituni, mara moja moja, saipresi ndefu huota fundo juu kileleni, matawi yamesongamana kama kiota cha ndege. Wakata miti hulidharau. Mti ukianguka, fundo hupondwa au huchomwa. Yeye alikuwa akiliendea kabla ya moto, anakata kijiti, anakibebesha kwenye mche wa kawaida na kukifunga kwa mpira wa baiskeli. Kikishika, kinakuwa mti, lakini mti usiosahau kwamba ulikuwa fundo. Hautakua mrefu hata ukibembelezwa.

Nilikuwa nimeinama pua karibu na mmoja ule, nikihesabu vitawi vyake, nikasema kwa Kiluhya, peke yangu, "Wewe nakutaka." Sijui alielewaje. Akaingia kibandani, akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini, na ndani yake umekaa mti mdogo kuliko yote, bluu iliyochanganyika na kijani, mnene, mzito, mzuri.

"Chukua. Lakini sikia. Mvua ikianza, toa kwa mkebe, panda kwa udongo. Ukiacha, miguu nakunja ndani, nazunguka, najinyonga yeye mwenyewe. Unasikia, mama?"

Nilisikia. Nilibeba mkebe ule kifuani hadi nyumbani nikitembea kwa uangalifu, roho juu, nikicheka peke yangu. Ndipo nilipofika katikati ya uwanja wetu, nikautua chini, nikashika jembe niandae shimo kabla ya mvua, na jembe likanigandia mkononi.

Maana kwetu mwanamke hapandi mti. Mahindi apande, maharagwe apande, viazi apande hadi mgongo uvunjike. Mti, hapana. Mwanamke akipanda mti, mume wake hufa, au yeye mwenyewe hashiki mimba maisha yake yote. Mimi nilifundishwa hilo kabla sijafundishwa kuosha vyombo. Wenye busara walisema sababu ni kwamba mti ni alama ya mwenye shamba, na mke akipanda ni kama ametangaza kwamba boma ni lake. Sawa. Lakini sababu haipunguzi hofu, na hofu yangu ilikuwa na mahali pa kukaa. Mwaka wa tano bila mtoto! Ningepanda leo, na mwaka wa sita upite hivyo hivyo, kila mdomo wa Kakamega ungejua ni kwa nini.

Basi mume wangu apande. Rahisi hivyo. Alirudi kutoka safari ya Kisumu, nikampa chai, nikampa muhogo, halafu nikamwonyesha mkebe.

"Huu ni mti?" akauliza.

"Ni mti."

"Utakuwa mrefu lini?"

"Hautakuwa."

Alinywa chai. "Yaani nichimbe shimo kwa ardhi ya reli, nipande mti ambao hauna kuni, hauna nguzo, hauna hata kivuli cha kuku? Watu wa reli wakinihamisha kesho, si nitakuwa nimewapandia wao? Mimi nitapanda kwetu. Miti ya maana." Hakuwa na ubaya, masikini. Aliamini tu kwamba mti ni mbao iliyosimama.

Mvua ilikuja. Mzee alichungulia juu ya ua. "Mama, bado tu? Miguu nakunja!" Nilimweleza, kwa aibu, huku nikizungukazunguka maneno. Alinisikiliza vizuri, akafikiri, kisha uso ukamng'aa. "Haya, mimi iko mwanaume. Mimi nakuja panda."

Mungu wangu. Mwanamume mwingine aje kupanda mti ndani ya boma la mume wangu, naye yuko kwenye treni! Hapo hata mwiko nisingeuhitaji. Ningerudishwa kwetu na treni ile ile. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Kwa hiyo mti ulikaa mkebeni, nyuma ya tangi. Nilijidanganya kwamba mti ulio kwenye mkebe haujapandwa, kwa hiyo nami sijavunja kitu. Niliumwagilia, nikausemesha. Lakini vitawi vya chini vilianza kugeuka kahawia, kavu, vikikatika nikivigusa, na nilipoinua mkebe niliona mzizi mweupe umetoka kwenye tundu la chini ukitafuta pa kwenda. Nililia pale nyuma ya tangi. Niliulilia mti, ndiyo, hasa mti.

Ndipo mama mkwe akaja.

Alikuja bila taarifa, akiwa na kuku wawili na ndizi mkungu mzima, na sote tulijua amekuja kuangalia tumbo langu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, mjane tangu mume wangu akiwa shule ya msingi, aliyezaa tisa na kulea wa wengine. Hakusema mengi. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone; mimi nilijiona ndiye nitakayeugua. Usiku ule nilihamisha mkebe nikauficha chini ya karai.

Asubuhi alikwenda kunawa uso bombani, akafunua karai kwa sababu alitaka karai.

"Nani amemfunga mtoto huyu ndani ya mkebe?" Sauti yake ilifika jikoni.

Nilitoka mbio. Nilisema yote kwa pumzi moja: jirani, bustani, fundo la kileleni, mume wangu na kuni zake, mzizi. Nilisema sijapanda, mama, tazama mwenyewe, haujagusa ardhi. Alikuwa amechuchumaa akiupapasa mti kwa kidole gumba, na hakunitazama.

"Iko wapi mingine?" akauliza.

Mzee Kalasinga alitufungulia lango la mabanzi kwa heshima kubwa, akamwita mama mkwe "mama mkubwa," na matembezi yakaanza upya, mimi katikati nikifasiri. Kwa mti wa manjano alisimama mdomo wazi. Kwa ule wa matawi yaliyoelekea chini akaniambia, "Huu umefiwa," na nilipomfasiria mzee, alitikisa kichwa polepole, akamfungulia matawi kama alivyonifungulia mimi. Mama mkwe aliingia. Alikaa humo ndani muda mrefu, nikaanza kuingiwa na wasiwasi, halafu nikamsikia akicheka! Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alitoka na majani kwenye kitambaa cha kichwa, akanishika mkono kwa nguvu, akanikokota mwenyewe kuelekea mti unaofuata.

Kwa msonobari uliojisokota alisema unafanana na shemeji yangu mmoja, na hilo sikulifasiri. Kwenye kitanda cha mchanga alipiga magoti kabla hajaambiwa.

"Muulize, yote hii ameipanda yeye?"

Nikauliza. Yote, mzee akasema. Kwa mkono wake.

"Ana bahati kuzaliwa mwanamume," mama mkwe akasema. Hilo nililifasiri.

Tuliporudi kwetu hakuingia ndani. Alichukua jembe ukutani. Alitembea uwanjani akiukanyaga udongo hapa na pale kwa kisigino, akachagua mahali mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeona, akaanza kuchimba. Udongo wa Nakuru ni mwepesi, wa vumbi, na mvua ilikuwa imeulainisha. Nilisimama nimekumbatia mkebe.

"Mama," nikasema hatimaye. "Mwiko."

Aliendelea kuchimba. "Mwanamke akipanda mti mume wake hufa. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Wangu alikufa. Na mwanamke akipanda mti hazai. Mimi nimezaa mpaka nikachoka." Alilitua jembe, akanyoosha mkono. "Lete huo mti. Utanifanya nini mimi?"

Tulikata mkebe kwa panga. Mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, na yeye aliifungua kwa vidole, mmoja mmoja, bila haraka, namna ya kufumua nywele za mtoto. Kisha akauweka shimoni, akarudisha udongo, akaushindilia kwa viganja. Kule juu ya ua kilemba cheupe kilikuwa kimesimama muda wote, na sasa kilianza kupiga makofi. Mimi nilikuwa nikirukaruka. Nilipiga vigelegele, kweli, mchana peupe Milimani, na mpishi wa nyumba ya mbele alitoka kuuliza nani anaolewa.

Mama mkwe alibaki amepiga magoti. Viganja vyake vilikuwa bado juu ya udongo. Nilidhani magoti yanamuuma, nikainama kumwinua, nikaona machozi.

"Tangu nikiwa msichana nilitaka," akasema. "Na tangu baba yenu afe nimekuwa huru kupanda, miaka yote hii, wala sikuwaza."

Nikamshika bega. Alijipangusa uso kwa mkono wenye udongo, akajichafua, akatazama juu ya ua alikosimama mzee, halafu akanigeukia.

"Muulize kama ana mwingine wa kunipa nikaupande nyumbani, katikati ya boma," akasema. "Na usiwe mfupi. Nataka ule unaorefuka."